Nilimtangaza Doto Kuwa Amekufa Naye Amekaa Pembeni Yangu

Admin, nashukuru kwa kukubali kunificha. Na nyie mnaoishi Bariadi, nawaomba msianze kunitafuta kwenye komenti.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, nina mke na watoto wawili. Kwetu ni Tanga, huku nililetwa na ajira ya ualimu, nimepanga Somanda. Nafundisha Jiografia, lakini watu wananijua kwa besiboli, ule mchezo wa kurusha mpira mdogo mgumu na mwenzako anaupiga kwa gongo. Nilipata mafunzo ya siku chache, nikarudi shuleni na glavu nne na kimbelembele kingi.

Majina mengine nimeyaficha, ila Doto na Shija nimeyaacha kwa sababu huku yamejaa kila kijiji, na bila hayo hamtaelewa kosa langu. Doto alikuwa amemaliza kidato cha nne pale shuleni, matokeo hayakuwa mazuri, akawa anakuja kunisaidia mazoezi. Alikuwa na mkono wa ajabu. Nilimuuliza kajifunzia wapi, akacheka: "Mwalimu, si kufukuza ndege kwa mawe kwenye mpunga wa mama!"

Miaka mitatu iliyopita akaja wakala wa timu moja ya ng'ambo, anatafuta vijana wa kusajili. Doto akarusha, wakala akatazama kifaa chake cha kupima mwendo wa mpira, akamwambia arudie. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kijana ana miaka mingapi. Nilijua hawataki aliyezidi kumi na saba. Doto alikuwa na kumi na tisa. Mdomo wangu ukasema kumi na sita, na nilisema bila hata kumeza mate.

Sasa cheti cha kuzaliwa kitoke wapi? Nikakumbuka ana mdogo wake, Shija, wa miaka hiyohiyo kumi na sita, yuko shule ya bweni. Nikaenda kwao Zagayu kumwomba mama yao cheti cha Shija. Mama wa watu, mkulima wa pamba na mpunga, akanipa kwa mikono miwili. "Mwalimu, wewe ndiye unayejua." Doto peke yake ndiye aliyesita. "Na Shija atatumia nini?" Nikamwambia Shija bado mdogo, ya kwake tutayarekebisha baadaye. Sikurekebisha kitu.

Timu ikatuma mtu wa kuhakiki umri, akaja mpaka nyumbani kwao Doto. Nilitarajia mzungu, kumbe ni Msukuma wa Mwanza. Akamsalimia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," yaani umeamkaje mama, akakaa, akasoma cheti, akatabasamu. "Shija! Basi mbele yake kuna Kulwa na Doto. Mapacha wako wapi?"

Kwa msiojua, mapacha wa Kisukuma huitwa Kulwa na Doto, na anayezaliwa baada yao ndiye Shija. Nimekaa huku miaka tisa, nimeita majina hayo darasani kila siku, na siku niliyohitaji akili hayakunijia kichwani. Kulwa, dada yake, alikuwa ameolewa Nyashimo. Doto alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye kigoda, akijifanya Shija. Nikaona kila kitu kinamwagika, nikasema, "Kulwa ameolewa. Doto alifariki akiwa mdogo."

Yule bwana akavua kofia. "Pole sana mayu. Ni kweli?"

Mama alimtazama mwanawe mzima kabisa, kisha akasema, "Ee." Akaingia ndani, hakutoka hata kutuaga.

Doto alisaini, akaondoka. Anacheza mpaka leo, ananitumia picha akiwa na jezi yenye jina la mdogo wake. Mimi nilisifiwa mbele ya shule nzima, na aibu ni kwamba nilifurahi.

Sasa Shija ana miaka kumi na tisa. Amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa na cheti kilekile, nilichokuwa nimemrudishia mama. Akaambiwa cheti hicho kimeshatumika kutoa pasipoti, na sura iliyopo si yake. Wanamshuku yeye ndiye mwizi wa jina. Juzi alikuja kwangu na kuku mkononi. "Mwalimu, nikimuuliza mama analia tu. Wewe unajua mambo ya ofisi. Nisindikize Jumatatu, ukaape kwamba mimi ndiye Shija." Mke wangu alimpika yule kuku. Mimi nikasema nimeshiba.

Nikampigia Doto. Akasema, "Ukisema, mimi narudishwa na kufungiwa. Lakini yule ni mdogo wangu, Mwalimu. Usiniulize mimi." Nikaenda kwa mama. Hakunikaribisha kiti. "Doto uliniambia nimzike kwa mdomo, nikamzika. Na huyu Shija, unataka nimfanyeje?"

Nikiapa, watauliza mwenye pasipoti ni nani, na Doto atapoteza kila alichokipata kwa mkono wake. Nisipoapa, Shija anakosa chuo na huenda akashtakiwa kwa kosa langu. Na nisiwadanganye na nyie, ninachokiogopa kwanza ni kazi yangu. Ndiyo maana siwezi kujiamini kuamua peke yangu.

Jumatatu saa tatu asubuhi Shija atakuwa nje ya ile ofisi, amevaa shati la kupiga pasi, akiniangalia njia. Anajua kaka yake anacheza ng'ambo, hajui kwamba ni kwa jina lake. Anadhani mimi ndiye shahidi wake. Nyie mliojaliwa watoto zaidi ya mmoja, niambieni, nikifika pale niseme nini?