Khanbaliq na Jina la Mke Wangu

Kitabu cha Wamongolia nilikinunua Small Heath, hapa Birmingham, kwenye duka la mitumba la Coventry Road, kwa sababu kilikuwa kinene na baridi ya hapa haina haraka ya kuondoka. Historia sikuwa na haja nayo. Nilitaka tu kitu cha kunisemesha, maana tangu mke wangu afariki, miaka mitatu sasa, nyumba yangu ya Ladywood, ghorofa ya tisa, ilikuwa kimya kiasi kwamba friji ikinguruma nashtuka.

Basi nikasoma. Nikasoma jinsi wafalme wale wapanda farasi walivyoiteka Uchina, na jinsi mmoja wao alivyojijengea mji mkuu. Wachina wakauita Dadu, wasemaji wa Kituruki wakauita Khanbaliq, yaani mji wa mfalme. Wamongolia walipofukuzwa, waliokuja wakabomoa makasri na jina nalo wakalifuta. Ukawa Beiping, baadaye Beijing. Nilikasirika, utadhani nilikuwa na kiwanja kule. Watu wanakuta mji mzima, una masoko na visima, halafu kinachowaudhi ni jina!

Lakini ukurasa ulionikamata ulisema kwamba mfalme wa Kimongolia akifa, watu wake waliacha kulitaja jina lake. Nikakilaza kitabu kifuani. Hawa, nikasema, walikuwa watu wa akili. Mimi pia tangu mazishi sikuwa nimelitaja jina la mke wangu. Nilisema "marehemu", au "mama yako" nikiongea na binti yetu.

Binti huyo ndiye mtoto wetu wa pekee. Amezaliwa hapa hapa Birmingham, anaishi Stechford na mumewe, na Kiswahili anakisikia vizuri ila hujibu kwa kukichanganya na Kiingereza. Alikuwa na mimba ya mtoto wa kike. Kwetu mtoto hurithi jina la nyanya yake, na babu humtania mjukuu huyo kwa kumwita "mke wangu" mpaka mtoto apate mdomo wa kumjibu. Kwa hiyo akanipigia simu, kama inavyostahili, kuomba ruhusa.

"Dad, tunataka kumpa jina la Mum. Is that okay?"

"Tafuteni lingine," nikasema.

Akauliza tena wiki iliyofuata. Akauliza mara ya tatu. Nikamsomea habari za Wamongolia, kwa ukali, kama mwalimu mkuu. Akakata simu. Mwezi mzima hakupiga, nami kwa kiburi sikupiga. Upweke ulinizidi nikaanza kuisalimia televisheni.

Ujumbe ulipokuja kwamba amejifungua, mtoto alikuwa ametimiza wiki mbili, na sikuwa na wa kumlaumu. Nikapanda treni ya Stechford. Humo ndani nilijiona nimembeba yule mtoto, namwita mke wangu, nikajua kwamba nalitaka hilo kuliko kitu chochote duniani. Nikaanza kulifanyia jina mazoezi midomoni, bila sauti. Mama aliyekaa mbele yangu akahama kiti.

Binti yangu akafungua mlango, mtoto begani.

"Mpe jina la mama yako," nikasema, hata kabla ya salamu.

"Dad." Akanitazama kwa huruma. "Tumesharegister jina. I asked you three times."

Akanitajia jina la mtoto. Ni jina zuri, la mama mkwe wake.

Nikampokea mtoto, nikaketi. Na hapo, nikiwa sina tena wa kumpa, jina la mke wangu likatoka zima zima, kwa sauti. "Ndivyo mama yako alivyoitwa," nikaongeza, kama vile namtambulisha mgeni.

"I know, Dad," akasema. "Mimi hulitaja kila siku. I just stopped saying it around you."

Miaka mitatu nilijihesabu mfiwa peke yangu katika mji huu, na mtoto wangu alikuwa akimlilia mama yake dakika chache tu kwa treni kutoka kwangu, akilificha jina nisilisikie.