Sanduku Lisilo na Jina

Baba yake alifanya kazi ya kupanga barua posta kwa miaka thelathini na moja, na mtaa mzima ulimwita Mzee Posta. Yeye naye, hata alipokuwa mtu mzima mwenye shahada yake, aliendelea kuitwa Binti Posta. Kwao barua haikuletwa mlangoni. Ilikwenda kwenye sanduku lenye namba kule posta, na ufunguo wa sanduku Mzee aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi, hata akioga. Barua ya mtu hakuna mwingine aliyethubutu kuifungua. "Barua ni siri ya wawili," alikuwa akisema. "Wa tatu ni mwizi."

Binti Posta alipopata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, Mzee hakufurahi. Alikuwa mgane, kifua kilimbana, na masikio yalikuwa yamebaki ya kuonyesha watu tu, maneno akiyasoma midomoni.

"Nani atanizika?" aliuliza.

"Kwani umeshakufa?" binti akajibu kwa hasira. Neno hilo mzazi hajibiwi. Siku ya safari Mzee alijifungia chumbani, na binti akaondoka bila radhi. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Huko alikofikia alipanga chumba ghorofa ya tatu, kwa mama mwenye nyumba aliyependa kodi yake na kimya chake. Laini ya simu aliyotoka nayo nyumbani haikushika mtandao, basi akaenda dukani kuomba laini mpya na intaneti ya chumbani. Muuzaji, mwanamke mwenye miwani, alimjazia fomu na kumwambia, "Namba ya siri ya kuwashia laini itakuja kwa posta. Siku tatu."

"Kwa posta?" Binti Posta akacheka. "Dada, mimi nimezaliwa posta!"

Siku tatu zikawa kumi. Ijumaa akachukua pasipoti yake, akaenda posta kama walivyofanya kwao, akapanga foleni.

"Nimekuja kuulizia sanduku langu."

"Una kadi ya kuchukulia mzigo?" karani akauliza.

"Sina."

"Basi hapa huna kitu, dada yangu. Anayefuata!"

Ijumaa ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tano karani alimwona tangu mlangoni. "Wewe wa Ijumaa! Hata msikitini na kanisani watu hawaji hivi!" Foleni nzima ikacheka. Akacheka nao, akatoka na machozi yake. Dukani nako walimwambia wametuma mara tatu na barua zote zimerudi. Hakuuliza zimerudi kwa nini. Alijiambia posta ya watu hawa imeoza, wangempata baba yake wangeona kazi.

Kuuliza si ujinga, lakini mtoto wa mpishi huona haya kuuliza jiko liko wapi.

Mara moja kwa wiki alikwenda maktaba ya chuo, akatumia kompyuta ya pale kumpigia mdogo wake wa kiume. Ilibidi anong'one.

"Mzee anaendeleaje?"

"Anakohoa."

"Kaniulizia?"

"Anakuombea, dada."

Alichokificha mdogo wake, Binti Posta alikuja kukijua baadaye. Mwezi wa kwanza tu, Mzee alikuwa ameketi kitandani akaandika barua kwa mkono wake, siku mbili nzima, akaibandika stempu mwenyewe. Kisha akamwonya kijana wake: "Usimwambie. Akiisoma ajibu kwa moyo wake, asijibu kwa kusukumwa." Kila simu ilipokatwa aliuliza, "Kaipata?"

"Hajasema, baba."

Mzee aligeukia ukutani.

Asubuhi moja Binti Posta aliteremka ngazi akamkuta tarishi chini, kwenye vile visanduku vya bati vilivyopangwa ukutani, ambavyo siku zote alidhani ni vya mita za umeme. Tarishi alikuwa anasukumiza barua humo.

"Samahani kaka, za ghorofa ya tatu huwa unapeleka wapi?"

"Jina lako liko wapi?"

"Jina?"

"Hapa," tarishi akagonga bati kwa kidole. "Mimi sisomi vyumba, nasoma majina. Hakuna jina, hakuna mtu. Narudisha." Akamtazama vizuri. "Kumbe ni wewe? Kulikuwa na moja ya mbali, bahasha ya kaki, mwandiko wa wino ulionyooka kama wa cheti. Niliionea huruma. Lakini sheria ni sheria."

Mwandiko ule duniani ulikuwa wa mtu mmoja.

Alikimbia hadi maktaba. Mdogo wake alipokea akiwa hospitalini.

"Dada, hasemi tena tangu jana."

"Kuna barua aliniandikia?"

Kijana akaanza kulia, akamwambia yote.

"Mwekee simu sikioni."

"Hasikii, dada, unajua hasikii."

"Weka!"

Akapiga kelele katikati ya maktaba ile: "Baba! Sikuipata! Haikunifikia, baba!" Vichwa viliinuka. Msimamizi akaja ameweka kidole mdomoni. Akapiga kelele tena, mpaka walipomshika mkono na kumtoa nje kwa upole.

"Alisikia?" aliuliza baadaye.

"Sijui," mdogo wake akasema. "Alifumba macho tu."

Mzee alikufa siku ya pili yake, akiamini mwanawe kaisoma akanyamaza. Wanasema kazi ya Mungu haina makosa, na ni lazima tuamini hivyo.

Wiki tatu baada ya mazishi bahasha ya Mzee ilirudi kwenye sanduku lake kule nyumbani, imegongwa mhuri: HAJULIKANI. Mhuri wa neno hilo Mzee aliugonga mwenyewe miaka thelathini na moja.

"Nikusomee kwenye simu?" mdogo wake aliuliza.

"Usiifungue. Itume tena. Jina nimeshabandika."

Ilimfikia ikiwa ndani ya bahasha nyingine. Ilikuwa nusu ukurasa. *Radhi yangu unayo tangu siku ile. Mlango niliufunga ili usinione ninavyolia. Nijibu.*

Akajibu. Kurasa nne, na juu ya bahasha akaandika jina la baba yake na namba ya sanduku, kwa kuwa hakuwa na anwani nyingine ya kumpatia.

Mdogo wake aliikuta Ijumaa. Ufunguo sasa anauvaa yeye. Alisimama nayo mkononi kitambo, akaisoma juu tu, akaona si yake. Akairudisha ndani ya sanduku, akafunga. Bado imo humo.