Gari Jeupe Nililolijaribu Karatu

Jumamosi iliyopita nilishuka kutoka Oldeani, ninakofundisha, kwenda Karatu mjini kununua gari. Nilitaka lile dogo la mraba, lenye mgongo uliokatwa wima kama kabati. Muuzaji, mama niliyezungumza naye kwa simu tu, aliniambia, "Mwalimu, liko nje ya duka la pembejeo. Ni jeupe, ufunguo umo ndani. Lijaribu, nakuja."

Nililikuta, nikaingia. Namba za gari sikuuliza, nami ndiye ninayewafokea wanafunzi kwa kutosoma swali vizuri.

Nilipoingia njia ya vumbi kupima springi, bodaboda mbili zilitokea nyuma zikipiga honi mfululizo. Nilidhani ni vibaka walionusa kwamba nimekuja kununua gari, nikakanyaga mafuta.

Simu ikaita. "Mwalimu, uko wapi?" aliuliza yule mama. "Nimesimama kando ya gari langu hapa dukani, sikuoni."

Bodaboda moja ikanipita, ikaziba njia, nikafunga breki. Wanaume wawili walishuka, mmoja ameshika jiwe. Nilifungua mlango nijieleze.

Ndipo blanketi lililokuwa kwenye kiti cha nyuma likainuka. Bibi mzee alishusha kioo, akamtazama mwenye jiwe.

"Mwanangu," alisema taratibu, "huyu dereva uliyenitafutia mbona anakimbiza gari hivi? Kliniki tumeshaipita."