Magome ya Mninga

Fundi aliapa kwamba kitanda ni cha mninga. Kiapo cha muuzaji sikinunui, kwa hiyo nilizinusa mbao mara mbili.

Mara ya pili harufu ilinirudisha utotoni, nikawa porini na mama, tukitafuta magome ya kumtibu dada, aliyekuwa akivuja damu tangu ajifungue. Tukaona mti usio na majani, umejaa maua ya njano.

“Mama, ndio huu?”

“Maua ya njano yako mengi huku, mwanangu. Ngoja utomvu.”

Alikata upande wa mawio, utomvu ukatoka mwekundu. Akakata na upande wa machweo, kama dawa inavyotaka.

Tulipofika nyumbani, wanawake walikuwa wameketi chini uani, wamejitanda khanga, wakilia. Mama aliwasha moto, akayachemsha magome hivyo hivyo.