Nilimfokea Mama Mkwe kwa Sababu ya Maji ya Bahari

Ndugu wasomaji, mhariri wa ukurasa huu amekubali kulificha jina langu, kwa hiyo nitasema yote. Nina miaka thelathini na mmoja, nimesoma hadi kidato cha nne, na ni karani wa serikali hapa Kakamega. Nina mke na binti wa miaka minne, ambaye hapa nitamwita Nekesa. Tangu shuleni huandika shajara kila siku, na shajara hiyo ndiyo inayonishtaki leo.

Baada ya Uhuru, Mzungu niliyekuwa chini yake ofisini alifungasha kurudi kwao. Aliniachia tangi lake la kioo alilofugia samaki wa mtoni, pamoja na pampu ndogo ya umeme ya kupulizia hewa majini. Mimi niliwahi kufanya kazi Mombasa miaka miwili, na nilitaka kitu ambacho sikujua mtu mwingine wa Kakamega aliye nacho sebuleni: kipande cha mwamba wa bahari, kikiwa hai.

Rafiki yangu wa reli alinitumia maji ya bahari hadi Kisumu katika chupa kubwa za kioo, nami nikayaleta nyumbani kwa basi. Mara ya tatu yalikuja na mawe ya matumbawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kile kiumbe laini chenye vidole vingi ambamo samaki hao hujificha. Majirani walijaa. Mmoja, akiwaza kitoweo cha ugali, akauliza, "Karani, hawa wanakutana na obusuma lini?"

Mzungu alikuwa amenionya jambo moja tu, kwamba maji yasishuke. Nilichora alama nyekundu kwenye kioo, nikapima kwa rula kila asubuhi. Yakipungua, niliongeza maji ya bahari ya akiba. Kwa miezi miwili shajara inasema "Kimo sawa." Hata hivyo samaki walizubaa, na kile kiumbe kikajikunja kama soksi iliyokamuliwa. Nilipima tena na tena. Rula haikuonyesha kosa lolote.

Ndipo mama mkwe wangu alipoletwa kutoka upande wa Mumias kutibiwa miguu. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawakai chumba kimoja. Yeye kulala nyumbani kwangu kulikuwa aibu tayari, lakini hospitali ilimtaka kila siku ya tatu na hatukuwa na ndugu mwingine mjini. Nyumba yetu ya serikali ina vyumba viwili. Yeye akapewa sebule, penye tangi langu. Mimi nikawa napita mlango wa jikoni kama mwizi.

Kila asubuhi nilimwuliza mke wangu kupitia ukutani, "Mama Nekesa, kimo?"

"Kimo sawa! Na mama yangu amelala vibaya, kama ungependa kuuliza."

Majuma matatu yalipita hivyo. Mke wangu alisema samaki wanacheza na kile kiumbe kimefunguka. Niliandika, "Afya nzuri. Utaratibu wangu umefaulu."

Asubuhi moja nilikuwa nazunguka nyumba kwenda kazini, nikachungulia dirishani. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye tangi akimimina maji ya mvua kwa kikombe. Niliona kazi yangu yote inamwagiwa maji ya paa. Niliingia kwa mlango wa mbele. Nilisimama mbele yake, nikapiga kelele, nikamwita mjinga. Mama yangu wa ukweni, ndugu zangu, nilimwita mjinga.

Alijifunika uso kwa leso, akageukia ukuta. Hakunijibu mimi. Alimwambia mtoto, "Nekesa, mwambie baba yako nilitia kidole nikaonja. Ilikuwa kali sana. Mboga ikizidi chumvi tunaongezanga maji. Nimekuwa nikiongeza kidogo kidogo tangu nije."

Kabla ya saa sita mke wangu, mama yake na mtoto walikuwa wameondoka. Nami, ili kurekebisha uharibifu, nilimimina chupa zote za akiba zilizobaki. Siku ya tano samaki mmoja alikufa, na kile kiumbe kikaoza.

Nilimwita mwalimu wa sayansi ninayemfahamu. Alitumbukiza kipimo chake cha kioo kinachoelea, akatikisa kichwa. "Bwana, maji hupaa, chumvi haipai. Ulipaswa kuongeza maji matupu. Kila ulipojaza haya ya bahari, ulizidisha chumvi." Nilifungua shajara. Siku zote nzuri zilikuwa zile ambazo mama mkwe alikaa sebuleni. Nilikuwa nimejisifu kwa kazi yake.

Sasa tatizo langu. Nilimwandikia mke wangu nikakiri kosa, nikasema baba na wazee watakwenda Jumamosi na mbuzi kuniombea msamaha. Akajibu kwa mistari miwili: "Mama yangu hakutukanwa na wazee. Ulipomfokea hukukumbuka mila, basi usizikumbuke leo." Anataka niende mwenyewe, nisimame mbele ya mama yake, niseme kwa mdomo wangu. La sivyo hatarudi.

Nilipomweleza baba, aliwaka. "Umesimama mbele yake mara moja ukamvua heshima. Ukisimama mara ya pili, mimi sina ukwe na watu wale, na wewe usinihesabu kuwa baba yako. Wazee ndio mdomo wako!"

Nikiwatuma wazee, nampoteza mke. Nikienda, naongeza aibu juu ya aibu, na pengine mama mwenyewe atageukia ukuta tena. Nimeyaandika maneno ya kumwambia mara saba. Yote yanaanza na "Mama", na sijui kama nina ruhusa ya kulitamka nikimtazama.

Jumamosi si mbali. Ninyi mliooa, na hasa ninyi mama wakwe mnaosoma ukurasa huu, mngependa nani aje mlangoni kwenu, wazee au mimi? Nipeni shauri, nifanye lipi?