Siku Sensa Ilipofika Ndama

Mume wangu alinunua gari lisilofaa. Nilimwambia hivyo siku ileile alipoliingiza uani, na mpaka leo sijabadilisha maneno. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, milango miwili, viti viwili, boneti refu lisilo na sababu, na lilikuwa chini kiasi kwamba mtu akitaka kuingia lazima ajikunje kama anaingia kwenye banda la kuku. Sisi tunakaa kijiji cha Ndama. Barabara ya kwetu ni udongo na mawe, na mvua ikinyesha hata pikipiki zinasukumwa. Majirani waliuliza nusu nyingine ya gari italetwa lini. Aliyelipenda alikuwa mama mkwe wangu peke yake. Alilizunguka, akalipapasa, akachungulia ndani na kuona viti viwili, akasema hilo ni gari la watu wanaopendana.

Basi tukapendana nalo kwa muda. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunatoka kwa mwendo wa kinyonga mpaka kwenye lami ya Omurushaka, yeye akikwepa kila jiwe na kuguna kila linapokwangua chini. Tukifika kwenye lami anakanyaga mafuta na mimi napiga kelele aache, huku moyoni naomba asiache. Sitasema lilikuwa gari zuri. Nasema tu kwamba sijawahi kupata furaha ya namna ile kwenye kitu kingine chochote chenye magurudumu.

Halafu akaenda Afrika Kusini. Rafiki yake alimpatia kazi kwenye gereji huko, akaniambia ni mwaka mmoja tu, apate mtaji, arudi afungue gereji yake Kayanga. Gari aliliacha chini ya kibanda cha mabati pembeni ya kibanja, shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba, na maagizo yake yalikuwa mafupi: kila Jumamosi liwashwe, betri isife. Mwaka ule ukapita, ukapita mwingine, na mwingine. Mimi nikajifunza kuendesha, maana gari la kuwashwa tu bila kutembea linaoza. Simu zilikuwa za kila jioni, zikawa za Jumapili, zikawa za siku akipata nafasi. Watu walianza kuniangalia kwa huruma nisiyoiomba. Mimi nilikuwa na jibu langu, na jibu lilikuwa chini ya turubai. Nilimjua mume wangu. Anaweza kumwacha mke, anaweza kumwacha mama, wanaume wengi wameweza. Lakini gari lile asingeliacha. Kila nilipofunua turubai nilimwona mtu ambaye atarudi.

Ndiyo maana siku aliponipigia na kusema, "Nimepata mteja wa gari, liuze," nilitafuta pa kukaa.

Mteja alikuwa mfanyabiashara wa Bukoba mwenye duka kule Murongo, mpakani, ambako mimi mwenyewe huwa naenda kuchukua vitenge vya kuuza. Alikuja mpaka Ndama kuliona. Akaliendesha kidogo, akarudi akiwa amekunja uso. Mshale wa spidi ulikuwa umelala kwenye sifuri na namba za kilomita hazikusogea hata moja. Kusema kweli mshale ule ulikuwa umekufa siku nyingi, na mimi sikuujali. Kwa barabara yetu mtu hahitaji kuambiwa spidi, mgongo unamwambia.

"Gari linatembea lakini lenyewe halina habari," akasema yule bwana. "Litengenezeni, nitalichukua."

Nilimpigia mume wangu kumweleza. Akasema hicho ni kitu kidogo, nitafute fundi. Nikamuuliza, "Likiuzwa, wewe utakuja kuendesha nini?"

Akacheka. "Nikija tutanunua jingine."

Nikija. Neno hilo nilitembea nalo siku nyingi, sokoni, jikoni, kanisani. Hakusema nitakapokuja. Watu wa kwetu tumejifunza Kiswahili shuleni, nyumbani ni Kinyambo, na mimi kwetu Muleba ni Kihaya, lakini tofauti ya maneno hayo mawili naijua vizuri sana.

Acha niseme wazi: nilikuwa namtamani mume wangu. Nilitamani kikohozi chake cha asubuhi. Nilitamani hata viatu vyake vya matope ambavyo tulikuwa tunagombana kwa sababu yake. Nilitamani ugomvi wenyewe. Na sasa naambiwa nilitengeneze gari ambalo likishapona litaondoka, na likiondoka sitakuwa na kitu cha kumvuta mtu yule arudi Ndama. Nilitafuta fundi, ndiyo, maana mimi si mtu wa kukaidi. Ila nilimtafuta taratibu.

Fundi niliyempata Kayanga alikuwa mtu mzima mwenye maneno mengi. Alikuja nyumbani, akaingia chini ya gari, akatoka na majibu. Kwenye giaboksi kuna kifaa kidogo kinachohesabu mizunguko na kupeleka hesabu kwenye dashibodi. Hicho ndicho kilichokufa. Kinaitwa sensa ya spidi. Sensa ya gari la aina ile haipatikani hapa, akasema, ataagiza Kampala, ipitie Murongo.

Siku chache baadaye alinipigia simu nikiwa namenya ndizi uani na mama mkwe. Mikono yangu ilikuwa na utomvu, nikaweka spika. Sauti ya fundi ikajaa uani: "Mama, ile sensa imeshavuka mpaka. Kesho kutwa asubuhi inafika hapo kwenu, nitakuja nayo mwenyewe."

Mama mkwe akasimamisha kisu. "Sensa inakuja?"

"Ndiyo mama, inakuja," nikajibu, mawazo yangu yakiwa mbali, na nikaendelea na ndizi.

Hapo ndipo tulipopotezana. Mama mkwe wangu Kiswahili chake ni cha kanisani na cha redio, na kwenye redio sensa ni moja tu, ile ya kuhesabu watu. Tena alikuwa na kinyongo nayo. Mara ya mwisho karani wa sensa alipopita kwetu aliuliza nani na nani walilala humu usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Mama mkwe akaanza na mwanawe. Karani, binti wa watu mwenye adabu zake, akamweleza kwamba aliyelala kwingine anahesabiwa huko alikolala. Mama mkwe hakumwelewa na hakumsamehe. Kwake yeye, kuihesabu nyumba yake bila mtoto wake ilikuwa ni kumzika akiwa hai. Alilisema jambo hilo mpaka kwa mchungaji.

Kwa hiyo kesho kutwa yake ilipofika, nilitoka ndani nikamkuta amekaa barazani amevaa kitenge chake cha kanisani, kilemba kimefungwa vizuri, uwanja umefagiwa, na pembeni yake kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile anazomtolea mgeni wa heshima. Nikafikiri labda kuna kikao cha akina mama. Kabla sijauliza, fundi akaingia na pikipiki, ovaroli na begi la spana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa sensa?"

"Ndiye mimi, nimekuja nayo." Akapiga begi lake.

Mama mkwe akamsogezea kikapu. Fundi akachukua kahawa, akatia mdomoni, akashukuru. Mama mkwe akamwinamia. "Sasa mwanangu, safari hii mhesabu na kijana wangu. Mara ile mlimruka."

Fundi akanitazama. Nikaelewa yote kwa mpigo, kitenge, kilemba, kahawa, na nikaona aibu kwa niaba ya watu wote tuliokuwepo.

"Mama," nikasema kwa upole, "hii sensa siyo ya watu. Ni ya gari."

"Hata gari wahesabu, si ni mali yake? Walituuliza mpaka mbuzi. Lakini wamwanze mwenyewe."

Nilijaribu tena kwa Kihaya changu, ambacho na Kinyambo chake ni ndugu. Akanisikiliza, akatikisa kichwa kama mtu anayeona anadanganywa na serikali kupitia kwa mkwe wake, akasema yeye atakaa palepale mpaka kazi iishe. Nikamwacha. Kuna mahali ambapo hata mimi nachoka.

Fundi alilipandisha gari nyuma kwa jeki, akaliegemeza kwenye magogo, akaingia chini. Sensa ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania kwa matope na kutu. Aliitikisa, akaimwagia mafuta, akasubiri, akaitikisa tena huku akiisemesha kama ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Ilipotoka, oili kidogo ikafuata. Akanionyesha: kitu chenyewe kinajaa kiganjani, soketi yake imeungua, kigia chake cha plastiki kimelika meno. Akailinganisha na mpya, akahesabu meno ya hiki na ya kile yalingane, maana yakipishana mshale utasema uongo. Akapaka oili kwenye mpira wake, akaitia, akakaza bolti, akachomeka waya.

"Ingia, washa," akaniambia. "Tia gia, achia klachi polepole."

Nikaingia nikakaa kwenye kiti cha mume wangu. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka hewani. Niseme nilichokuwa naomba wakati huo? Nilikuwa naomba isifanye kazi. Niliomba kama ninavyoomba kanisani, kwa macho yaliyofumbwa. Nilipoyafumbua mshale ulikuwa umenyanyuka kutoka kwenye sifuri, unapanda, ishirini, arobaini, na gari limesimama palepale katikati ya migomba. Nikakanyaga zaidi. Kwa dashibodi nilikuwa naenda mbio sana, na mbele yangu ndizi hazikusogea.

Kutoka barazani mama mkwe akauliza kwa sauti, "Inahesabu?"

"Inahesabu, bibi," fundi akajibu kutoka chini ya gari.

Tukalishusha, tukaenda kulijaribu kwenye lami ya Omurushaka, mimi naendesha, fundi ameshika magoti. Mshale ulitii kila nilichofanya. Namba za kilomita, ambazo zilikuwa zimesimama muda wote ule, zikaanza kusogea moja moja. Tuliposimama fundi akainama kuangalia kama kuna oili inayovuja, na mimi nikasogea pembeni kwenye shamba la kahawa la watu, nikampigia mume wangu. Nilitaka anisikie nikiwa na sauti nzuri. Nilitaka amsikie mke wake anayeendesha gari lake, aone wivu kidogo.

Akapokea. Nikamwambia sensa imekubali. Akafurahi kweli, akauliza mambo ya kiufundi, nikamjibu nilivyoweza. Halafu nikamsimulia habari za mama, kitenge, kahawa, na vile anavyomtaka fundi amhesabu mwanawe. Akacheka sana. Kicheko chake kilikuwa kilekile, nikajikuta nacheka naye peke yangu kwenye kahawa za watu.

"Mwambie mama asijali," akasema akiwa bado anacheka. "Huku nako walipita. Tulishahesabiwa."

Kuna maneno yanaingia sikioni mapema kuliko akilini. Nikasikia ile "tu" ya mwanzo wa neno lake, na kicheko changu kikaisha.

"Tulihesabiwa, wewe na nani?"

Nyuma yake nikasikia chombo kikigongwa mezani, na sauti ndogo ya mtoto ikidai kitu. Simu haikukatika. Nilitamani ikatike, mtandao wa kwetu unakatika bila sababu kila siku, lakini siku hiyo ulikaa imara.

Nikamuuliza kama karani, bila hasira, kwa adabu zote: "Mko wangapi kwenye kaya?"

Naye akanijibu kama mwananchi mwema anayejua wajibu wake. "Wanne."

Halafu akaanza kueleza, na mimi sikusikia vizuri maelezo yale, isipokuwa la mwisho. "Mama usimwambie kwanza," akasema. "Mama mwache kwanza."

Fundi akaniita, akasema gari ni kavu, halivuji popote, naweza kumpigia mteja. Nikarudi nalo Ndama taratibu, nikikwepa mawe yote. Sikulia njiani, kwa sababu nilikuwa na mgeni kwenye kiti cha pili. Ila nilikuwa namtaka yule mtu. Hilo ndilo lililonitia uchungu kuliko yote: nilikuwa bado namtaka, hata akiwa mmoja wa wanne.

Mama mkwe alikuwa bado barazani. Kivuli kilikuwa kimemhama na hakuwa amesogea. Fundi alienda kufungasha spana zake, na mimi nikapanda ngazi nikakaa chini karibu na miguu ya mama mkwe.

"Wamemhesabu?" akauliza.

Nikamtazama usoni. "Wamemhesabu, mama. Huko alikolala."

Akashusha pumzi ndefu. Akanishika bega, akanishukuru kwa Kinyambo, akaingia ndani kuvua kitenge chake cha kanisani.