Karatasi ya Kijani Chumbani mwa Watoto

Kwa miaka kumi na tisa Nerida Plunkett alipiga deki katika nyumba ya kale ya Thornleigh, nje kidogo ya mji wa Launceston, na kila siku alimsikia Clive, mwongoza wageni, akisema yale yale: "Humu ndimo yaya Honora Keane alimowalisha watoto watatu sumu ya panya. Alifia gerezani." Wageni waliguna, wakapiga picha. Nerida aliuma meno. Honora alikuwa dada ya nyanya ya mama yake.

Mwaka paa lilipovuja, karatasi za ukutani za chumba hicho zilibanduka, akaitwa mtaalamu, Dakta Ilse Brandvold, aje kuzichunguza. Nerida alimshikia ngazi. Karatasi zilikuwa saba, moja juu ya nyingine, na ya chini kabisa ilikuwa kijani kibichi.

"Hiyo ya chini utaipima, dokta?"

"Nimeitwa kwa hizi za juu tu."

"Ipime, nakuomba. Nitakueleza kwa nini."

Alimweleza juu ya Honora, na kwamba aliwahi kusikia rangi za kijani za zamani zilikuwa na sumu. Baada ya wiki tatu majibu yalikuja: rangi ile ilijaa aseniki, sumu ile ile iliyotumika kuulia panya. Muhuri wa kiwandani ulionyesha kuwa karatasi ilitengenezwa mwaka mmoja kabla ya watoto kufa. Ikipata unyevu na kuvu, hutoa hewa ya sumu. Na watoto walilala humo, madirisha yamefungwa.

"Siwezi kuapa ni nini kilichowaua," alisema Dakta Ilse. "Ila chumba kilikuwa na sumu ya kutosha, yaya awepo asiwepo."

Nerida alimpelekea majibu Gwenda Fairleigh, mwenyekiti wa kamati ya nyumba. Gwenda alisoma, akakunja karatasi.

"Haya tuyaache. Watu wanakuja kwa ajili ya yule yaya, mpenzi. Ameshakufa, yatamuumiza nini?"

"Na mimi je, nimekufa?"

Jumamosi, Clive alipoanza hadithi yake, Nerida alijitoma mbele ya wageni.

"Nerida, shika dekio lako, mama."

"Dekio litangoja!" Akasoma majibu yote kwa sauti. Bibi mmoja akamgeukia Clive: "Na wewe ulijua?" Clive akawaharakisha wageni kwenda chumba kinachofuata.

Jumatatu Nerida alifukuzwa kwa barua ya mistari miwili. Dakta Ilse aliyapeleka majibu gazetini, na kabla ya mwezi kuisha bango la "Chumba cha Muuaji" lililokuwa mlangoni liling'olewa kimyakimya. Hakuna aliyeomba radhi, si kwake wala kwa Honora. Gwenda bado humsalimia dukani kwa tabasamu. Nerida haitikii.